Namna ya Kupunguza Maji na Nishati katika Viwanda vya Nguo na Ngozi Mombasa

Mwenye kiwanda cha kutia rangi nguo au cha kudabaghi ngozi hapa Mombasa huyalipia maji yanapoingia, huyalipia tena yanapopashwa moto, na mwishowe huyalipia yanapotoka machafu na kuhitaji kusafishwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautenganishi maji na nishati: anayetafuta njia ya kupunguza gharama ya boila aanze kwa kutazama mfereji wa maji yanayotoka.

Kazi ya kwanza ni kupima. Mita moja ya langoni haitoshi. Fungeni mita ndogo kwenye mashine za kutia rangi, kwenye boila na kwenye sehemu ya kuoshea, kisha kila shifti iandike lita na uniti zilizotumika kwa kila kilo ya kitambaa au kila tani ya ngozi mbichi. Maji ya kisima na ya boza yahesabiwe pia, kwani maji ya mferejini kutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho hukatika mara kwa mara na ni rahisi kusahau yale yasiyoletewa bili. Siku ambayo kiwanda kimefungwa, someni mita jioni na asubuhi inayofuata. Ikiwa imesonga, kuna bomba linalovuja au boya la tangi lililokwama, na hakuna ukarabati wa bei nafuu kuliko huo.

Baada ya hapo geukieni usuuzaji, ambako hasara kubwa hujificha katika mazoea. Mafundi wengi hufungua bomba na kuyaacha maji yafurike juu ya mashine hadi yanapoonekana meupe. Tuchukue mashine yenye lita 1,000 za maji na kilo 100 za kitambaa, ambacho baada ya maji kumwagwa hubaki kimeshika takriban lita 250. Mkimwaga na kujaza upya, mnaongeza lita 750, na uchafu unashuka hadi robo. Mkirudia mara tatu unabaki sehemu moja ya 64, kwa jumla ya lita 2,250. Kufikia usafi uleule kwa kufurisha kunahitaji zaidi ya lita 4,100. Tofauti hiyo haihitaji mashine mpya, inahitaji tu fundi afunge bomba na asubiri. Maji ya suuzo la mwisho, ambayo bado ni safi kiasi, yawekwe tangini yatumike kwa suuzo la kwanza la mzigo unaofuata, mradi rangi za mizigo hiyo miwili hazigombani.

Wakati wa kununua mashine, ulizeni uwiano wa maji na kitambaa kabla ya kuuliza bei. Mashine ya lita 15 kwa kilo na ile ya lita 6 kwa kilo hutofautiana kwa lita 900 kwa kila mzigo wa kilo 100 katika kila awamu, na kutia rangi pamba huwa na awamu kadhaa. Muhimu kuliko hayo yote ni kupata rangi sahihi mara ya kwanza, kwa sababu kitambaa kinachorudiwa kutiwa rangi hutumia maji, chumvi na moto upya. Maji ya visima vya Pwani mara nyingi huwa na chumvi na chokaa, na hayo huharibu rangi na kufanya magamba ndani ya boila, kwa hiyo yalainisheni kwanza, yaani yaondoleeni chokaa. Paa la mita za mraba 1,000 katika mji unaopata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka huweza kukusanya maji laini mengi, hasa katika masika.

Sasa moto. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzijoto 28 hadi 95 huhitaji nishati sawa na uniti 78 za umeme, kabla ya kuhesabu moto unaopotea boilani. Maji ya moto ya uoshaji yapitishwe kwenye kibadilisha joto ili yayapashe maji baridi yanayoingia. Maji ya mvuke uliopoa yarudishwe boilani, kwa kuwa bado yana joto na yameshalainishwa. Mabomba na valvu zifunikwe vizuri, huku mkikumbuka kwamba hewa ya bahari hula mabati ya kufunikia upesi. Trapu za mvuke, yaani vifaa vinavyotoa maji bila kuachia mvuke, zikaguliwe kwa ratiba. Mitambo ya maji moto ya jua juu ya paa inafaa sana kwa kupasha maji ya awali. Kabla ya kukausha, kamueni kitambaa kwa mashine kadiri inavyowezekana: kila kilo ya maji inayovukizwa hula zaidi ya nusu uniti.

Kwa ngozi mambo ni tofauti kidogo. Kukung'uta chumvi kwenye ngozi mbichi kabla ya kuloweka hupunguza maji ya kuloweka na pia chumvi inayotoka. Osheni kwa mafungu, msiache bomba likitiririka ndani ya dramu. Maji ya chokaa na salfaidi, yale ya kuondolea manyoya, yanaweza kuchujwa, kuongezewa dawa na kutumiwa tena, na maji ya kromu ya kudabaghia vilevile, lakini maji ya salfaidi yasikutane kamwe na maji ya kromu, ambayo yana asidi, kwa kuwa hapo hutoka haidrojeni salfaidi, gesi inayoua. Mifereji hiyo miwili ijengwe tofauti, na mtu asiingie shimo la maji machafu peke yake.

Kanuni za nishati za mwaka 2012 ziliwataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka wakaguliwe kila baada ya miaka 3. Hata aliye chini ya kiwango hicho anaweza kumwita mkaguzi. Na rejesta ya mita iliyoandikwa kwa uaminifu kila shifti itamfupishia mkaguzi huyo kazi. Kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, cha kumwaga maji machafu kihuishwe kwa wakati, na aanzaye mradi wa kutumia maji tena aipeleke michoro yake huko kabla ya kununua bomba.