Tamko la kifo cha aliyepotea England na Wales: hatua na tarehe zake

Tangu 1 Oktoba 2014, ilipoanza kutumika Sheria ya Kudhania Kifo ya 2013, tamko moja la Mahakama Kuu hukata ndoa na kufungua njia ya mirathi. (Scotland wana sheria yao ya 1977, usichanganye.)

Amua kwanza unaomba kwa msingi gani, maana hapa ndipo watu hujikwaa. Kama ushahidi unaonyesha amefariki, mathalani mashua imekutwa imepinduka na mwili haukuonekana, huna haja ya kungoja. Msingi wa pili ni kutojulikana kuwa hai kwa miaka 7, na tofauti iko kwenye tarehe ya kifo. Aliyejulikana kuwa hai mara ya mwisho 3 Machi 2015, kwa msingi wa pili huhesabiwa amefariki mwisho wa siku ya 3 Machi 2022. Ikiwa bima yake ya maisha ilikatika 2018 kwa kutolipiwa, mjane anaweza kukosa fidia yote. Ushahidi wa ajali, ukiwapo, uutangulize. Miaka 7 iwe akiba. Usipokuwa na kimojawapo, iko sheria ya usimamizi wa mali za waliopotea, iliyoanza 31 Julai 2019: siku 90 za kutoonekana zinatosha.

Mume, mke, mzazi, mtoto na ndugu huomba moja kwa moja. Wengine waonyeshe maslahi yao. Fomu ni N208. Taja mali, makisio ya thamani yake, na jinsi alivyotafutwa. "Tulimtafuta kila mahali" haimsaidii jaji. Weka namba ya jalada la polisi, barua ya benki kwamba akaunti haijaguswa, na majibu ya jamaa, hata wa Mombasa au Muscat kama huko ndiko angekimbilia.

Dai likishafunguliwa, una siku 7 za kuwapelekea taarifa jamaa wa karibu na kampuni ya bima, na kutoa tangazo kwenye gazeti la eneo alikoishi mwisho. Gazeti la kila wiki likikupita, siku zimekwisha. Weka nafasi mapema. Kesi haisikilizwi kabla ya siku 56. Angalau siku 5 kabla ya kesi kusikilizwa, wasilisha ukurasa wa gazeti wenye tarehe, si kipande kilichokatwa.

Tamko likishakuwa la mwisho huingizwa kwenye rejista ya vifo vya kudhaniwa, na hapo ndipo unapoombea nakala ya cheti. Mhusika akitokea hai, mahakama inaweza kulibadili, lakini ndoa haifufuki yenyewe.