Kabla hujakata tikiti ya kurudi Malindi, hesabu siku zako za Italia

Nyumbani Malindi mtu hakai siku alizopanga. Amekuja kwa matanga ya mjomba, akaombwa angoje arobaini. Arobaini ikaisha, fundi wa nyumba ya Maweni akala saruji, naye akaona asimamie mwenyewe mpaka paa liezekwe. Siku anarudi Italia, karatasi alizozihangaikia miaka zimeingia doa. Kwa hiyo hesabu ifanywe kabla tikiti haijalipwa.

Kwanza jua umeshika karatasi gani. Kibali cha kawaida cha kuishi Italia, "permesso" kama tunavyokiita, kina muda wake wa kuisha. Kile cha mkaaji wa muda mrefu huombwa baada ya miaka 5 ya kuishi kihalali, ukiwa na kipato cha kutosha na umefaulu mtihani wa Kiitaliano cha daraja la A2, yaani cha kujimudu katika mambo ya kila siku. (Kiitaliano cha ufukweni hakitoshi, hata kama watalii wanakusifu. Mtihani una kusoma na kuandika.) Katika miaka hiyo 5, ukitoka Italia kila safari iwe chini ya miezi 6 mfululizo, na safari zote kwa pamoja zisizidi miezi 10.

Hiyo miezi 10 ndiyo inayowaangusha watu. Chukua mtu anayekuja kila mwaka miezi miwili, Desemba na Januari, kama wengi wetu. Miaka 5 imempa miezi 10 kamili, na hapo bado hajafa mtu wala hajaolewa mtu. Sheria huwasamehe wenye maradhi makubwa au sababu nyingine nzito, lakini kwa ushahidi. Ukiuguza au ukiugua, basi, usiondoke hospitali bila barua ya daktari yenye tarehe na muhuri. Mimi nina daftari la shule: tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na kipande cha tikiti nimekibandika kwa gundi. Wifi yangu hunicheka, ila yeye ndiye aliyekuja kuliazima alipotakiwa kujaza fomu.

Ukishakipata hicho cha muda mrefu usijiachie. Ukikaa nje ya nchi za Umoja wa Ulaya miezi 12 mfululizo, kinafutwa. Na uliyeolewa au kuoa raia wa Italia, kadi yako ina kanuni zake nyingine, usiazime hesabu ya jirani.

Uraia ni safari nyingine. Kwa sisi tusiotoka Umoja wa Ulaya ni miaka 10 ya kuishi kihalali bila kukatika. Juni 2025 Waitaliano waliitwa kupiga kura ya kuipunguza iwe 5, wapiga kura hawakutimia, na 10 ikabaki. Kwa njia ya ndoa ni miaka 2 baada ya kufunga ndoa mkiishi Italia, au 3 mkiishi nje, na muda huo hupungua nusu mkiwa na mtoto. Lugha hapo ni B1, daraja moja juu ya A2. Miaka hiyo husomwa kwenye daftari la wakazi la manispaa, kwa hiyo ukihama nyumba kajiandikishe upya mapema. Askari wa manispaa akibisha hodi mara kadhaa bila kukukuta, jina linaweza kufutwa na mfululizo wako ukakatika, na wewe ulikuwa mtaa wa pili tu.

Safari hii ukiwa hapa Malindi, kwa ajili ya ombi hilo la uraia shughulikia cheti cha kuzaliwa na cheti cha tabia njema, kisha tafsiri na uthibitisho wa ubalozi ulioko Nairobi. Angalia majina herufi kwa herufi. Cheti kikisema Mohamed na pasi ikasema Muhammad, au jina la babu likawa huku na kule halipo, sahihisha kabla ya kutafsiri chochote.

Jibu la ombi likishatoka, una miezi 6 ya kula kiapo. Ikipita, uamuzi ule hauna nguvu tena. Usiwe Malindi wakati huo ukisubiri paa. Uraia wa Kenya kwa aliyezaliwa nao haupotei, Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, ila serikali ya Kenya iarifiwe ndani ya miezi 3.