Elasticsearch inasuasua? Kagua diski kabla ya kununua seva

Somo hili ni la wale wenzangu wa Mombasa wanaotunza seva za Elasticsearch, programu ya kutafutia nyaraka, hapa nyaraka za mizigo kwenye ofisi za forodha kule Kilindini.

Hatua ya 1. Pima kwanza. Weka pakiti ya sysstat, kisha andika `iostat -x 2` watu wakiwa kazini. Tazama r_await, yaani milisekunde ambazo kila ombi la kusoma linachukua. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hupoteza wastani wa milisekunde 4 kungojea sahani yake izunguke tu. Ukiona 40, foleni imejaa. Ukiona chini ya 1, diski haina kosa, hangaika kwingine.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Seva ina RAM ya GB 32, mtu anaipa hipu ya Java (kumbukumbu inayotengewa programu yenyewe) GB 28 akidhani amefanya hisani. Lucene, injini iliyo ndani ya Elasticsearch, husoma mafaili ya faharasa kupitia kache ya Linux (nakala za mafaili zinazowekwa kwenye RAM), na kache hiyo hukaa kwenye RAM iliyobaki. Ukiimaliza, kila utafutaji unarudi diskini. Hipu isizidi nusu ya RAM:

`-Xms16g`
`-Xmx16g`

Washa upya, halafu angalia buff/cache kwa `free -h`. Utafutaji wa mwanzo utakuwa mzito kwa sababu kache ni tupu, kwa hivyo usiuhukumu.

Hatua ya 3. Ukipakia nyaraka kwa wingi, weka `refresh_interval` (muda wa kuzifanya nyaraka mpya zionekane kwenye utafutaji) iwe -1, ukimaliza irudishe. Vinginevyo vinazaliwa vipande vidogo vidogo vya faharasa, na kuviunganisha kunaigombania diski na wanaotafuta.

Hatua ya 4. Kwa diski ya kuzunguka pekee: `index.merge.scheduler.max_thread_count: 1`, ili kuunganisha vipande kusiibane diski. Wenye SSD, ruka.

MASWALI

Ustadh, force merge (kuunganisha vipande kwa lazima) je? Naona watu wanaisifu.
— Ifanyie faharasa isiyoandikwa tena, mfano ya mwaka jana. Inayoandikwa bado, usiiguse.

Shekhe, nimeweka translog (kumbukumbu ya uandishi) kuwa async, uandishi umekuwa mwepesi ajabu. Kuna ubaya?
— Upo. Data inafika diskini kila baada ya sekunde 5, si kila ombi. Umeme wa huku unavyokatika, UPS unayo?

Betri imekufa tangu Ramadhani.
— Basi rudisha `request` leo leo, ami.