SOMO: Umepata nafasi ya msaidizi wa kufundisha Kiswahili ughaibuni? Soma kwanza, ndipo unitumie ujumbe

Wakuu, habari za saa hizi. Majina ya waliopata nafasi yakishatoka tu, najua nitaulizwa nini: "Nikifika naanzaje?" Nimejibu hadi vidole vimeota sugu. Naandika mara hii moja, atakayeuliza tena namrushia kiungo.

Hatua ya 1. Soma mkataba wote, hasa idadi ya saa. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa lugha kule Marekani unaishia saa 20 kwa wiki, na wewe mwenyewe unatakiwa kusoma kozi. Wasaidizi wa lugha katika shule za Ufaransa wanafanya saa 12 kwa wiki, kwa miezi 7 kuanzia Oktoba. Usipokijua kikomo chako utabebeshwa kazi ya mwalimu kamili kwa posho ya msaidizi.

Hatua ya 2. Beba akiba. Posho haiingii siku unayotua.

Hatua ya 3. Muone mwalimu mwenye darasa kabla ya kipindi cha kwanza. Muulize nani anasahihisha, nani anatoa alama, na kama darasani ni Kiswahili kitupu au mnachanganya.

Hatua ya 4. Wiki ya kwanza kaa nyuma, tazama.

Hatua ya 5. Jifunze sarufi ya lugha yako. Hapa ndipo nilipoanguka chali. Nilikwenda na kiburi cha mzawa: Kiswahili nimekinyonya, nani atanibabaisha? Wiki ya tatu, binti mmoja wa mstari wa mbele, ambaye daftari lake kila ngeli ina rangi yake ya kalamu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tunasema *mtoto wangu*. Rafiki naye ni mtu. Mbona *rafiki yangu*? Na kama ni *yangu*, mbona hatusemi *rafiki nzuri*?"

Nikakohoa. Kisha nikabuni kanuni papo hapo: "Mtu unayempenda tunamwekea *yangu*."

"Na mume?"

"Mume wangu."

"Na adui?"

"Adui... yangu."

Darasa zima liliangua kicheko. Mume hapendwi, adui kipenzi! Binti akafuta alichokuwa ameandika, taratibu, bila kunitazama. Kile kifutio bado nakiona.

Jibu lenyewe, ili nawe usiumbuke: nomino za uhusiano zisizoanza na M-/WA-, kama rafiki, ndugu, mama, baba, dada, kaka, jirani na adui, huchukua vimilikishi vya I-ZI: *rafiki yangu, rafiki zangu*. Kwingine zinafuata A-WA kama kiumbe chochote: *rafiki yangu mzuri amefika*. Mume na mtoto zina M-, basi ni *wangu*. Wanyama nao ni A-WA moja kwa moja: *mbwa wangu*.

ONYO: usibuni kanuni mbele ya wanafunzi. Sema "nitakujibu kipindi kijacho", na kipindi kijacho ujibu kweli.

ONYO LA PILI: kitabu cha darasa kifanyie mazoezi yote, ukiwa na kalamu mkononi, kama mwanafunzi. Vitabu vingi vya huko vinataja ngeli kwa namba. KI-VI yako inaitwa 7/8. Ukiingia hujui hilo, mtapishana kipindi kizima.

Hatua ya 6. Ukiweka miadi, taja ni saa za Kiswahili au za kwao. Niliwahi kumsubiri mwanafunzi saa nne asubuhi, akatokea saa kumi jioni, anatabasamu, hajachelewa hata dakika.

Nawasilisha.

---

mpita_njia: Mkuu nimepitia juu juu. Kwani kazi ni saa ngapi kwa wiki?

Mleta somo: Hatua ya 1.

kijana_wa_fursa: Vipi kibarua cha jioni pembeni? Posho naona ni ndogo.

Mleta somo: Linaamuliwa na viza, si na mfuko wako. Mwenye J-1, yaani viza ya Marekani ya programu za mabadilishano, anafanya kazi aliyoidhinishiwa tu. Ya ziada bila kibali cha maandishi ni kuvunja masharti.

kijana_wa_fursa: Nimeuliza tu, mbona umekuja juu?

Mleta somo: Sijaja juu. Nimejibu ulichouliza. Njia za kukwepa sifundishi.

bi_tumaini: Asante kwa somo, la adui limenichekesha. Mimi nimeshaanza kazi. Wanafunzi wangu wanaandika vizuri sana ila midomo hawafungui. Nikiuliza "mmeelewa?" wote "ndiyo!" Nifanyeje?

Mleta somo: Dada, hili swali nimelingoja siku nyingi. Kwanza, "mmeelewa?" iache kabisa, haina jibu lingine. Pili, wape sababu ya kusema. Wakae wawili wawili, kila mmoja na picha ya chumba kilekile, ila vitu vitano vimehamishwa, na ni marufuku kuonyeshana. Wavitafute kwa maneno: "Kwako kiti kiko wapi?" "Kiko mlangoni." "Changu kiko dirishani!" Hapo KI- inatoka yenyewe bila kuitwa. Nawe pita katikati ukiandika makosa kwenye karatasi, usimkatize mtu. Dakika tano za mwisho yaweke ubaoni bila kutaja jina.

bi_tumaini: Najaribu wiki hii, nitaleta mrejesho.

mzee_wa_chaki: Niongezee hatua ya 6. Mimi huchora saa ya ukutani ubaoni. Mkono mfupi ukiwa kwenye 10, soma namba inayotazamana nayo upande wa pili: 4. Hiyo ndiyo saa ya Kiswahili. Hakuna kujumlisha wala kutoa.

Mleta somo: Shikamoo mzee. Miaka yote hii mimi nawatoza watu hesabu ya sita! Naihamishia juu kwenye somo.

mpita_njia: Wakuu, kikao changu na mwalimu kimeandikwa 10:00 asubuhi. Kwa hiyo ni saa kumi?

mzee_wa_chaki: Mwanangu, una saa ya mishale hapo?

mpita_njia: Ninayo.

mzee_wa_chaki: Haya, itazame.