Jinsi ya Kuadhimisha Kuzaliwa kwa Jimbo la Oklahoma Darasani

Oklahoma iliingia katika Muungano wa Marekani ikiwa jimbo la 46 tarehe 16 Novemba 1907. Mwalimu anayetaka kuiadhimisha siku hiyo ipasavyo aitengee wiki nzima, kwa sababu jimbo hili lilizaliwa kwa kuunganishwa maeneo mawili yenye historia zilizoachana sana, na keki ya asubuhi moja haiwezi kulieleza hilo.

Anza na ramani. Mpe kila mwanafunzi ramani tupu ya jimbo la leo na karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake. Juu ya karatasi hiyo achore mpaka wa zamani: mashariki iwe Indian Territory, ambako mataifa ya wenyeji wa asili, yaani Wacherokee, Wachoctaw, Wachickasaw, Wamuscogee na Waseminole, walisukumwa kutoka kusini-mashariki mwa Marekani baada ya sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamisha, magharibi iwe Oklahoma Territory, iliyoundwa mwaka 1890. Kisha aandike Tahlequah na Muskogee upande mmoja, Guthrie na Oklahoma City upande wa pili. Usiharakishe hapa. Mtoto wa Tulsa anayegundua kwamba mtaa wake ulikuwa ndani ya Indian Territory huanza kuuliza maswali ambayo kitabu hakimpi.

Siku ya pili, rudi mwaka 1905, wajumbe wa Indian Territory walipokutana Muskogee wakaandika katiba ya jimbo walilotaka liitwe Sequoyah. Wapiga kura wa eneo hilo waliikubali, lakini Bunge la Marekani halikulipokea ombi lao. Ligawe darasa makundi mawili, moja liandike barua ya kuliombea jimbo hilo, jingine liandike majibu ya wabunge, na kila kundi lisome kazi yake mbele ya wenzake.

Baada ya hapo tu ndipo darasa liigize arusi ya mfano iliyofanyika Guthrie siku ya kuzaliwa kwa jimbo, ambapo bwana arusi aliwakilisha Oklahoma Territory na bibi arusi Indian Territory. Mpangilio huu ni wa lazima kwa maoni yangu: wanafunzi waliokwisha kusoma habari za Sequoyah watataka kujua kama bibi arusi aliulizwa, na swali hilo lijadiliwe kwa uzito wake wote.

Mbio za kugombea ardhi za tarehe 22 Aprili 1889, ambapo walowezi walikimbilia kujitwalia viwanja, zisiigizwe uwanjani kama mchezo, kwa kuwa zinaumiza watoto ambao ardhi hiyo iliondoka mikononi mwa mababu zao. Tumia picha za wakati huo, na umwombe kila mwanafunzi aandike ni nani haonekani pichani.

Kwa muda unaobaki, wachore bendera ya jimbo, yenye ngao ya Waosage, taifa jingine la wenyeji wa asili, tawi la mzeituni na kiko cha amani.