Anayepiga simu sana si lazima alipwe kwanza

Mtu aliyezongwa na madeni mara nyingi hulipa kwa kufuata kelele. Anayemfokea asubuhi kwenye simu ndiye anayepata hela ya leo, na mwenye nyumba, kwa kuwa ni mpole, anaambiwa avute subira. Miezi mitatu baadaye hela nyingi imetoka, madeni yako palepale, na yule mpole ameleta notisi ya kuhama. Kinachotakiwa ni hesabu iamue nani alipwe, kiasi gani na lini.

Andika yote, pamoja na yale ya aibu

Tenga saa mbili bila simu. Kusanya mikataba, taarifa za benki za miezi mitatu, hati ya mshahara inayoonyesha makato, na ujumbe wote wa wakopeshaji, hata ule ambao hukuufungua. Chukua daftari na ukitengee kila deni mstari wake: jina la mdai, salio la leo, riba kwa mwezi, rejesho la mwezi, tarehe ya kulipa, malimbikizo, adhabu ya kuchelewa, na dhamana au mdhamini kama yupo. Deni la shemeji liandikwe, la mfanyakazi mwenzako liandikwe, na la dukani pia. Mikopo uliyowadhamini wengine iwekwe ukurasa wa peke yake, maana wao wakishindwa inahamia kwako.

Usikisie salio. Muulize mkopeshaji kiasi cha kufunga deni ukilipa lote leo, kisha uulize jumla ya marejesho yaliyobaki. Hizo ni namba mbili tofauti. Ya pili mara nyingi ina riba ya miezi ambayo haijafika. Katika nchi zenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, omba pia ripoti yako. Huko hujitokeza deni ulilolisahau, au lililolipwa zamani lakini bado linasomeka kuwa halijalipwa.

Jumla itakayopatikana inaweza kukutia baridi. Ni kawaida, na haikuongezei deni hata senti moja. Kinachoongeza deni ni kutolijua. Kama una mwenzi wa ndoa, mwonyeshe ukurasa huo mapema, kwa sababu bajeti inayotungwa na mmoja na kutumiwa na wawili haimalizi mwezi.

Riba: pima zote kwa kipimo kimoja

Wakopeshaji hutaja riba kwa namna zinazotofautiana: huyu kwa mwaka, yule kwa mwezi, mwingine anaiita ada. Zigeuze zote ziwe za mwezi. Ada ya asilimia 10 kwa mkopo wa siku 30 ni asilimia 10 kwa mwezi, yaani 120 kwa mwaka hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba.

Kuna mtego mwingine unaowapita wengi. Riba inaweza kukokotolewa juu ya salio linalopungua, au juu ya kiasi cha awali hadi mwisho wa mkopo. Chukua 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi juu ya kiasi cha awali. Riba ni 24,000 kila mwezi, jumla 288,000, na rejesho ni 124,000. Lakini kufikia mwezi wa kumi umesharudisha sehemu kubwa ya mtaji, yaani kiasi ulichokopa, na bado unatozwa kana kwamba hujarudisha chochote. Mkopo huo, ukipimwa kwa salio linalopungua, unakaribia asilimia 3.5 kwa mwezi. Ndiyo maana mkopo wa "asilimia 2" unaweza kuwa ghali kuliko wa asilimia 3 unaohesabiwa kwa salio linalopungua.

Angalia pia kiwango cha chini cha malipo kwenye kadi ya mkopo. Salio la 1,000,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kiwango cha chini kikiwa asilimia 5, maana yake ni kwamba katika 50,000 unazolipa, 30,000 ni riba. Deni limeshuka kwa 20,000 tu.

Tafuta namba ya ukweli

Sasa tafuta kiasi unachoweza kulipa bila kukopa tena. Kama kipato chako hupanda na kushuka, tazama miezi sita iliyopita na utumie mwezi wa chini kabisa badala ya wastani. Ondoa pango, chakula, nauli ya kwenda kazini, umeme na maji, dawa, mahitaji ya watoto. Kisha ondoa kile kinachosahaulika: gharama zinazokuja mara moja au mbili kwa mwaka, kama ada za shule, bima na leseni. Zijumlishe, gawanya kwa 12, na utenge sehemu hiyo kila mwezi. Mipango mingi ya madeni huvunjika hapa. Mtu hulipa vizuri miezi minne, ada zinafika, anakopa upya, na anajiona hana nidhamu wakati kasoro ilikuwa ya hesabu.

Kinachobaki ndiyo namba yako. Ikiwa 90,000, ni 90,000. Usiipandishe kwa kumwonea haya anayekudai, maana ahadi iliyovunjwa huharibu zaidi ya ahadi ndogo. Kabla ya kuanza kulipa zaidi ya kiwango cha lazima, weka pembeni akiba ndogo ya dharura, hata ya matumizi ya wiki mbili. Tunajua inauma kuweka akiba huku riba inapanda, lakini bila akiba hiyo homa ya mtoto mmoja inakurudisha kwenye mkopo wa asilimia 10.

Nani kwanza

Weka alama kwenye madeni ambayo ukiyaacha unapoteza kitu usichoweza kuishi bila: pango, mkopo wenye dhamana ya nyumba, chombo kinachokuingizia riziki, umeme na maji, kodi ya serikali, matunzo ya mtoto yaliyoamriwa na mahakama. Haya hulipwa kwanza, hata kama riba yake ni ndogo na wadai wake hawapigi simu. Ongeza humo mkopo wenye mdhamini, kwa sababu wewe ukiuacha anayekatwa ni yeye.

Yaliyobaki yapewe kila moja kiwango chake cha chini, kisha ziada yote iende kwenye deni moja: lenye riba kubwa zaidi. Tuseme una deni la 400,000 kwa asilimia 8 kwa mwezi, na jingine la 1,500,000 kwa asilimia 1.5. Dogo linakula 32,000 kwa mwezi, kubwa linakula 22,500. Ukitia ziada ya 60,000 kwenye dogo, umepunguza riba ya mwezi ujao kwa 4,800. Ukiitia kwenye kubwa, umepunguza kwa 900 tu. Riba zikikaribiana, anza na lenye salio dogo, ili lifungwe na rejesho lake liachwe huru. Rejesho lililoachwa huru lihamie deni linalofuata siku hiyohiyo. Likikaa mfukoni mwezi mmoja, litapata kazi nyingine.

Tahadhari mbili kabla ya kulipa ziada. Kwanza, kwenye mkopo wa riba iliyopigwa juu ya kiasi cha awali, kulipa mapema huenda kusikuokolee chochote, au kukawa na ada ya kufunga mapema. Uliza kwanza. Pili, andika wazi kwamba ziada ipunguze mtaji. Usipofanya hivyo, wengine huihesabu kama rejesho la mwezi ujao. Na kama una malimbikizo, mikataba mingi huelekeza malipo yaende kwanza kwenye adhabu, kisha riba, na mtaji mwishoni. Kwa hiyo unaweza kulipa miezi kadhaa na salio lisisogee.

Ukiwa huwezi kulipa hata viwango vya chini

Baada ya kulipa ya lazima, wagawie waliobaki kwa uwiano wa wanavyokudai. Una 90,000, na wadai watatu wenye 900,000, 600,000 na 300,000: wape 45,000, 30,000 na 15,000. Mgao huu unaeleweka, na hakuna anayeweza kusema amependelewa mwingine.

Waandikie kabla tarehe haijapita, kwa maneno machache:

"Nadaiwa nanyi 900,000. Kipato changu kimepungua. Baada ya mahitaji ya lazima naweza kuwalipa 45,000 tarehe 5 ya kila mwezi kwa miezi sita. Naomba msimamishe adhabu kwa kipindi hicho na mnijibu kwa maandishi."

Ambatisha ukurasa wa bajeti. Chagua tarehe siku mbili au tatu baada ya mshahara, isiwe siku ileile, kwani mshahara huchelewa. Jambo la kuomba kwanza ni adhabu kusimama, halafu riba kupungua. Kurefushwa kwa mkopo kuwe la mwisho: rejesho linapungua, ila unalipa riba kwa miezi mingi zaidi. Uanze kulipa kiasi ulichotaja hata jibu likichelewa, na utunze kila risiti.

Ndugu na rafiki nao waambiwe tarehe na kiasi, hata kama ni kidogo. Kinachowaumiza kuliko kuchelewa ni kupishana nawe njiani ukijifanya hukuwaona.

Panapoharibika

Kukopa huku ili kulipa kule ni sababu ya kwanza ya mpango kuharibika. Kuunganisha madeni kwenye mkopo mmoja kunafaa pale tu jumla yote utakayolipa, pamoja na ada na bima, ni ndogo kuliko ya sasa. Rejesho dogo peke yake si ushahidi. Wala usikubali kuweka nyumba dhamana ili kufuta madeni yasiyokuwa na dhamana; hapo umegeuza simu za kero kuwa hatari ya kukosa makazi. Baada ya kuunganisha, funga akaunti za zamani, la sivyo zitajaa tena.

Akijitokeza mkusanya madeni usiyemjua, mtake uthibitisho wa maandishi kwamba deni limehamishiwa kwake kabla ya kumlipa. Ukimlipa mtu asiye sahihi, deni halijapungua. Deni la miaka mingi lahitaji uangalifu wa aina yake: sheria za nchi nyingi huweka ukomo wa kudai mahakamani, na kulipa kidogo au kukiri kwa maandishi kunaweza kuanzisha muda huo upya. Pata ushauri wa kisheria kwanza. Barua ya mahakama, kwa upande wake, haisubiri. Usipoijibu kwa tarehe iliyotajwa, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa. Na anayetaka ada ya awali ili "akusafishie jina", usimpe.

Deni likiisha, omba barua inayosema salio ni sifuri. Chukua hati ulizoweka dhamana na uhakikishe kizuizi cha mkopo kimeondolewa kwenye usajili wa mali hiyo, futa idhini ya makato benki, na mjulishe mdhamini wako. Baada ya mwezi mmoja au miwili omba tena ripoti ya mikopo. Kama deni bado linasomeka kuwa halijalipwa, peleka nakala ya ile barua na udai lirekebishwe.