Somo: Kufungua ThinkPad T480 na kubadili vifaa vya ndani bila kuunguza kitu

Wakuu, salaam.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nabadili kioo kilichopasuka kwenye laptopu ya shemeji, kazi ya dakika ishirini tu. Mashine nimeizima, chaja nimechomoa, nikaona inatosha. Betri ya ndani sikuigusa. Konekta ya kioo kipya ikaingia imekaa upande kidogo, nikaisukuma kwa kidole ikae sawa. Kuwasha, feni inalia, taa zinawaka, kioo giza tupu. Nilipomulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni, nikaiona Windows imefunguka vizuri kabisa, imefifia kama mzimu. Fyuzi ya taa ya kioo ilikuwa imekatika kwenye madabodi (ubao mkuu wa saketi), kidude kidogo kuliko punje ya mtama. Ilibidi nimpelekee fundi mwenye darubini ailehemu. Shemeji alinisamehe siku ileile. Mke wangu alichukua muda kidogo.

Kwa hiyo somo hili linaanza na umeme, na nitakaa hapo sana. Kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda) au kubadili SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) kwenyewe ni kazi nyepesi. Nimechagua ThinkPad T480, laptopu ya Lenovo iliyotoka 2018, kwa sababu zile used zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai zimejaa Kariakoo, Dar, na Luthuli Avenue, Nairobi, na pia kwa sababu ina mtego: inabeba betri mbili. Ya nyuma inachomoka kwa kusukuma vibanio viwili, kila mtu anaijua. Ya pili, ya 24 Wh, imelala ndani upande wa mbele. Ukichomoa ya nyuma ukadhani mashine imekufa, umeme bado upo.

Vifaa

Bisibisi nyota ndogo, saizi PH0 na PH1, zenye ncha kali. Bisibisi iliyochakaa ndiyo inayokula vichwa vya skrubu, halafu unalaumu skrubu. Kadi ya benki iliyokwisha muda kwa ajili ya kubandulia kifuniko. Trei ya mayai kwa ajili ya skrubu. Simu ya kupigia picha. Spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi kama utagusa prosesa (chipu kuu ya mashine). Mezani tandika shuka la pamba, si blanketi la manyoya.

Kuhusu umeme wa mwilini: ile cheche unayoisikia ukigusa kitasa huwa imefika kama volti 3,000, na baadhi ya vifaa vya ndani huumia kwa volti chini ya 100, yaani bila wewe kuhisi chochote. Dar na Mombasa unyevunyevu wa hewa unatusaidia. Aliyeko Njombe au Iringa mwezi wa saba, na sweta la nailoni mwilini, alivue kwanza. Kisha gusa kitu cha chuma kilichofika ardhini, kama bomba la maji la chuma, na uwe unarudia kila ukinyanyuka na kurudi mezani.

Hatua ya 1: Data kwanza

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Halafu angalia kama Windows yako imefungwa na BitLocker, yaani kufuli ya Windows inayoficha data kwenye diski. Ikiwa imefungwa, isimamishe kwa muda, na uandike pembeni ule ufunguo wa akiba wa tarakimu 48. Kuna watu wamebadili kifaa kimoja tu, mashine ikadai ufunguo ambao hawajawahi kuusikia. Laptopu za used zilizotoka maofisini ndizo zinazoongoza kwa hili.

Hatua ya 2: Kata umeme wote

Windows ukiizima kawaida huwa haijazimika yote. Shikilia Shift huku ukibonyeza Shut down.

Chomeka chaja, washa, bonyeza F1 mfululizo mpaka uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijafunguka. Nenda Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery (zima betri ya ndani), kubali. Mashine itazima. Sasa chomoa chaja, toa betri ya nyuma, toa flashi, kadi ya kumbukumbu, kila kilichochomekwa. Iache ipoe dakika tano.

Baada ya hapo T480 haitawaka kwa kubonyeza kitufe hata ubonyeze hadi kesho, mpaka uichomeke chaja. Likumbuke hili wakati wa kufunga, maana wengi huishia kufungua upya wakidhani wameua madabodi, kumbe chaja iko mfukoni.

Kama BIOS ina nywila ya ofisi ya zamani na huwezi kuingia, usikate tamaa. Zima kama nilivyosema, na ukishafungua kifuniko, kitu cha kwanza kabisa kugusa kiwe konekta ya betri ya ndani. Hata uliyefanya kwa BIOS, ichomoe pia. Shika konekta yenyewe kwa kucha au kipande cha plastiki, usivute nyaya. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki kwenye kapasita (vidude vinavyotunza umeme) iishe.

Hatua ya 3: Kifuniko

Skrubu ni sita na hazitoki kwenye kifuniko, zinalegea tu zikabaki humohumo. Usizivute. Sasa anza upande wa bawaba, ingiza kadi, tembeza taratibu. Italia "tak, tak", na mara ya kwanza moyo utaruka. Hiyo ni milio ya vibanio, ni kawaida. Kikigoma sehemu moja, rudi kwenye skrubu, kuna moja hujailegeza vizuri. Usitumie bisibisi bapa hapa: itachubua plastiki, na ikiteleza inaingia ndani kuchana kitu.

Ukishafungua, piga picha. Piga nyingine kwa karibu kila utakapochomoa kitu.

Hatua ya 4: RAM

Hapa ni haraka. T480 ina nafasi mbili za RAM ya laptopu ya aina ya DDR4. Vuta vibanio viwili vya pembeni kwa vidole viwili kwa wakati mmoja, RAM itanyanyuka yenyewe. Ivute kwa mshazari uleule. Mpya iingize kwa mshazari kama nyuzi 30, hakikisha kijipengo kimekaa mahali pake, sukuma hadi ile mistari ya dhahabu ikaribie kumezwa yote, kisha laza chini mpaka vibanio vibane. Shika kingo, usiguse dhahabu. DDR3, aina ya zamani, haiingii humo, kijipengo chake kiko mahali pengine, kwa hiyo ukiona unalazimisha, umeuziwa siyo.

Hatua ya 5: SSD

Kuna T480 zilizokuja na diski ya inchi 2.5 ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski), na zilizokuja na NVMe (njia mpya yenye kasi zaidi) iliyokaa kwenye kishikio chake. Nafasi ni ileile, kinachotofautiana ni kebo na kishikio. Ukitaka kuhama kutoka SATA kwenda NVMe, nunua SSD pamoja na kishikio na kebo yake, la sivyo utarudi dukani na jasho. Usisahau kuwa M.2, zile SSD nyembamba kama kipande cha RAM, ni umbo tu: zipo za SATA na zipo za NVMe, na kwa macho ya haraka zinafanana. Soma lebo kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Fleksi

Hii ndiyo sehemu inayoua laptopu nyingi kwenye mikono ya wanaojifunza. Fleksi ni ule utepe mwembamba unaounganisha kibodi, tachipadi na vinginevyo. Konekta zake zina tabia tatu. Ya kwanza ina kijifuniko chembamba, mara nyingi cheusi au cheupe, unachokinyanyua kwa ukucha kama kope la jicho, na utepe unatoka bila nguvu hata chembe. Ya pili, kijifuniko hakinyanyuki, kinavutwa nje kama milimita moja au mbili, upande huu na upande ule kwa zamu. Ya tatu haina kufuli, inachomolewa kwa kunyanyua juu moja kwa moja.

Kabla ya kuvuta, inama utazame ni ipi. Niliwahi kunyanyua kijifuniko cha aina ya pili nikidhani ni ya kwanza. Kikatoka mzima mzima, kikarukia sakafuni, na nikalala kifudifudi nusu saa nakitafuta chini ya kabati kwa tochi. Nilikipata. Kingekuwa kimevunjika, konekta nzima ingebidi ilehemiwe mpya.

Wakati wa kurudisha, utepe uingie umenyooka hadi kwenye mstari wake, ndipo ufunge kufuli. Ukiona mstari umekaa mshazari, toa uanze upya.

Hatua ya 7: Feni na pesti

Ukishatoa feni na bomba la shaba la kupozea, futa pesti kuukuu (ule uji unaopitisha joto kati ya prosesa na bomba) kwa spiriti na uache ikauke kabisa. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, ina maji, kwa hiyo usiwe na haraka. Pesti mpya ni punje moja ya mchele katikati ya prosesa. Skrubu za bomba zina namba zilizoandikwa pembeni: funga kwa kufuata namba, kila moja nusu nusu, ndipo urudi kukaza. Ukipuliza vumbi, shikilia mapanga ya feni yasizunguke, maana kuzungushwa kwa kasi na upepo kunaharibu beringi.

Kufunga ni kinyumenyume. Betri ya ndani iwe ya mwisho kuchomekwa, kifuniko kibane pande zote kabla ya kugusa skrubu, kisha chaja, kisha washa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimeongeza RAM ya 16 GB, taa inawaka lakini kioo cheusi. Nimeua?

Jibu: Ngoja kwanza. Mara ya kwanza baada ya kubadili RAM mashine huipima, na kioo kinaweza kubaki cheusi dakika moja au mbili. Ikizidi hapo, kata umeme wote tena, toa RAM zote, rudisha moja tu. Ikiwaka, jaribu na ya pili kwenye nafasi hiyohiyo. Utajua kama tatizo ni RAM, nafasi, au haikukaa vizuri. Mara nyingi ni hili la mwisho.

Swali: Kaka, tachipadi yangu imenyanyuka na haibonyezeki. Fundi wa mtaani anasema betri imejaa gesi, nitoboe itoke. Ni kweli?

Jibu: Kwamba imejaa ni kweli. Kutoboa, dada yangu, usithubutu, inaweza kuwaka moto mikononi. Acha kuichaji leo hii. Ikifunguliwa, betri itolewe bila kupindwa wala kuchokolewa kwa chuma, iwekwe nje ya nyumba kwenye chombo cha bati chenye mchanga mkavu, mbali na kitu cha kuungua. Usiitupe jalalani, na fundi huyo usimpe kazi.

Swali: Nina HP EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya i5. Naweza kuweka prosesa ya i7?

Jibu: Hapana. Humo prosesa imelehemiwa kwenye madabodi, na T480 ni vilevile. Laptopu kama ThinkPad T440p ya 2013 ndizo za mwisho mwisho kuwa na prosesa ya kuchomoa. Wewe weka SSD na RAM ya DDR4, tofauti utaiona.

Swali: Chai ya maziwa imemwagika kwenye kibodi jana usiku, imezima. Nimeiweka kwenye mchele.

Jibu: Mchele urudishe jikoni. Toa betri ya nyuma, fungua, chomoa ya ndani, kama hujafanya hivyo hadi sasa. Kukauka si tatizo. Tatizo ni sukari na maziwa yaliyobaki ambayo yanakula shaba taratibu. Inahitaji kusafishwa kwa brashi laini na spiriti kali ya asilimia 90 na zaidi. Usiiwashe "kujaribu tu".

Swali: Fundi, nimefuata somo lote, imewaka vizuri, ila nimebakiwa na skrubu moja kwenye trei.

Jibu: Hongera, ila zima na ufungue tena. Za kifuniko hazitoki, kwa hiyo hiyo ni ya ndani, na kama kitu hakijabanwa kitacheza ukiwa kwenye daladala. Anza na kadi ya Wi-Fi, inashikwa na skrubu moja tu na ni rahisi kuisahau. Kama iko mahali pake, linganisha na picha zako. Picha ulipiga?

Swali: Nilipiga moja tu, ya kifuniko kikiwa kimefungwa.

Jibu: Basi iweke hiyo skrubu kando ya rula, upige picha uitume hapa tuone urefu.